Phillip Omondi: Nyota wa Uganda aliyevuka bahari kusakata soka Sharjah

Katika vijiji vya Homa Bay na Migori, mtoto anayeitwa Omondi hana haja ya kueleza alizaliwa saa ngapi. Jina lenyewe hujibu kwamba alikuja duniani alfajiri. Akina Omondi ni wengi kando ya Ziwa Viktoria, lakini yule aliyelivumisha zaidi jina hilo katika ulingo wa kandanda barani Afrika hakuvalia jezi ya Gor Mahia wala ya Harambee Stars. Alikuwa Phillip Omondi, mshambuliaji wa Kampala City Council (KCC) na timu ya taifa ya Uganda, ambaye pia aliichezea klabu ya Sharjah katika Muungano wa Falme za Kiarabu.

Omondi alizaliwa mwaka 1957, wakati Kampala ilikuwa kivutio kikubwa kwa wasaka riziki kutoka pande zote za ziwa. Tangu enzi za ukoloni, Wajaluo wengi wa Nyanza walikwenda huko kufanya kazi katika shirika la reli, viwandani na kwenye ujenzi. Hata hivyo, ujirani huo ulitiwa doa mwaka 1970, serikali ya Rais Milton Obote ilipowafukuza maelfu ya wafanyakazi kutoka Kenya, wengi wao wakiwa Wajaluo. Miaka michache tu baadaye, maelfu ya mashabiki wa Uganda walikuwa wakimshangilia kijana mwenye jina la Kijaluo kuliko mchezaji mwingine yeyote.

Klabu iliyomkuza, KCC, ilianzishwa mwaka 1963 na kupewa jina la baraza la jiji. Omondi alijiunga nayo akiwa bado kijana mdogo. Haikuchukua muda kabla ya mabeki wa Uganda kumtambua kama mtu wa kuchungwa dakika zote 90. Klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1976 na kuuhifadhi mwaka 1977. Mwaka 1978 ilinyakua pia kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati.

Timu ya taifa nayo haikuwa nyuma. Uganda ilishinda kombe la CECAFA Challenge mwaka 1976 na tena mwaka 1977. Hiyo ilikuwa miaka ya utawala wa Idi Amin, wakati uchumi ulikuwa umeporomoka na raia wengi walikuwa wakitoweka au kukimbilia uhamishoni. Katika kipindi hicho kigumu, uwanja wa soka ulikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo Mganda aliweza kupaza sauti kwa furaha bila kuogopa.

Kilele cha yote kilikuwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizoandaliwa nchini Ghana mwezi Machi 1978. Katika fainali za mwaka 1976 nchini Ethiopia, Uganda ilikuwa imepoteza mechi zake zote, hivyo wachache walitarajia makubwa kutoka kwa vijana wa kocha Peter Okee. Waliilaza Congo mabao 3-1, wakafungwa na Tunisia 3-1, kisha wakashangaza bara zima kwa kuicharaza Morocco, iliyokuwa bingwa mtetezi, mabao 3-0.

Katika nusu fainali walikutana na Nigeria. Moses Nsereko aliiweka Uganda mbele, Nigeria wakasawazisha kipindi cha pili, na dakika chache baadaye Omondi akatikisa wavu na kuipa Uganda ushindi wa 2-1. Katika fainali, wenyeji Ghana walishinda 2-0 kwa mabao ya Opoku Afriyie na kulitwaa kombe hilo kwa mara ya tatu. Licha ya kushindwa, Omondi alimaliza mashindano akiwa na mabao matatu, sawa na Afriyie na Segun Odegbami wa Nigeria, na hivyo wakawa wafungaji bora pamoja. Hakuwa ametimiza umri wa miaka 22.

Furaha hiyo haikudumu. Mwezi Oktoba mwaka huo majeshi ya Amin yaliivamia Tanzania katika eneo la Kagera, na vita vilivyofuata vikamng'oa madarakani Aprili 1979. Maisha jijini Kampala yalivurugika. Mwanasoka wa Afrika Mashariki wakati huo hakuwa na ligi ya kulipwa ya kutegemea. Aliishi kwa mshahara wa mwajiri wake na marupurupu madogo ya mechi.

Kwingineko, fedha za mafuta zilikuwa zikibadilisha soka ya mataifa ya Ghuba. Mwaka 1978 klabu ya Al-Hilal ya Saudi Arabia ilimsajili Rivellino, bingwa wa dunia wa mwaka 1970 akiwa na Brazil. Ni katika wimbi hilo ambapo Omondi, mwaka 1979, alitua Sharjah. Leo safari kama hiyo ni jambo la kawaida, lakini wakati huo Mwafrika Mashariki aliyeishi kwa soka ng'ambo alikuwa nadra mno. Mike Okoth Origi wa Kenya alijiunga na Oostende ya Ubelgiji mwaka 1992, zaidi ya miaka 10 baadaye.

Faida kwa Omondi ilikuwa wazi, kwani kipaji chake kilipata bei. Uganda, kwa upande wake, ilimkosa katika miaka ambayo mchezaji huwa amekomaa. Kikosi cha mwaka 1978 kilisambaratika, na Uganda ilisubiri hadi mwaka 2017 kabla ya kurejea katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Si haki kumlaumu kijana aliyetafuta riziki mahali ilipopatikana. Kasoro ilikuwa katika mfumo uliotaka mchezaji aipe nchi kila kitu, huku wenyewe ukiwa hauna cha kumpa zaidi ya makofi.

Omondi hakupotelea ughaibuni. Katika miaka ya 1980 alirudi Kampala na kuivalia tena jezi ya KCC, kisha akageukia ukocha na kuwarithisha vijana ujuzi wake. Aliaga dunia mwaka 1999, kabla ya kutimiza miaka 50. Baadaye uwanja wa klabu hiyo, ambayo sasa inajulikana kama KCCA, ulioko Lugogo ulipewa jina lake.

Hadi leo, vijana wa Homa Bay na Migori wanaokimbiza mpira kwenye viwanja vya vumbi huota kucheza Ulaya au Uarabuni. Maisha ya Omondi yanaonyesha kwamba ndoto hiyo ina pande mbili. Ng'ambo kulimpa malipo yaliyostahili kipaji chake, lakini heshima iliyodumu baada ya kifo chake aliipata Lugogo, nyumbani.