Grace Hopper, mwanamke aliyeipa kompyuta kazi ya kunakili

Programu kubwa haiandikwi na mtu mmoja, na Grace Hopper alilijua hilo mapema. Mwanahisabati huyo wa Marekani alizaliwa New York mwaka 1906, akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934. Wakati wa vita vya pili vya dunia aliacha ualimu, akajiunga na jeshi la majini. Mwaka 1944 alitumwa Harvard kuandika programu za kompyuta ya Mark I.

Huko, yeye na wenzake waliweka katika madaftari vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa. Aliyehitaji kipande alikinakili kwa mkono, na tarakimu moja ikikosewa kazi iliharibika. Mwaka 1952 Hopper alitengeneza A-0, programu iliyoiachia kompyuta yenyewe kazi ya kukusanya vipande hivyo. Wengi hawakuamini, kwao kompyuta ilikuwa ya kupiga hesabu tu.

Kisha alitetea programu ziandikwe kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza. Wazo hilo lilichangia kuzaliwa kwa lugha ya COBOL, iliyoanza kubuniwa mwaka 1959. Desemba 1960, programu ileile, kwa mabadiliko machache, ilifanya kazi kwenye kompyuta za kampuni mbili tofauti.

Alistaafu mwaka 1966, lakini mwaka uliofuata jeshi lilimwita tena asaidie kuweka utaratibu mmoja wa lugha hizo. Aliondoka mwaka 1986, akiwa na miaka 79 na cheo cha admirali wa nyuma (rear admiral). Alifariki Januari 1, 1992. Hadi leo, mabenki mengi bado yanaitegemea COBOL.