Al-Khalil bin Ahmed Al-Farahidi, Mwalimu wa Lugha ya Kiarabu



Katika familia zetu zilizotoka Afrika ya Mashariki na kuja kukaa Maskati wamo wazee wengi wanaoisoma Qur'ani vizuri tangu utoto wao, lakini wakisemeshwa Kiarabu sokoni Matrah huona haya kufungua mdomo, wakichelea kuchekwa. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya watoto wanaowaona wazazi wao katika hali hiyo, tumeona bora tuyaeleze maisha ya mwanachuoni huyu. Yeye ni mtu wa Oman, na kazi yake aliifanya katika mji uliojaa watu ambao Kiarabu hakikuwa lugha ya mama zao.

Al-Khalil alizaliwa kiasi cha mwaka 100 Hijria (718), katika kabila la Azd, ukoo wa Farahidi. Watu wa Oman huutaja mji wa Wudam, katika pwani ya Batina, kuwa ndiko alikozaliwa. Alikulia na kusomea Basra, mji ulioasisiwa zama za Sayyidna Umar bin Al-Khattab. Azd wa Oman walikuwa wengi huko, na kabla yake Imamu Jabir bin Zaid, aliyetoka Firq karibu na Nizwa, alikuwa amesomesha katika mji huo huo. Lakini Basra ilikuwa pia na Waajemi, watu wa Sind, na watu weusi walioitwa Zanji. Uislamu ulikuwa umeenea upesi kuliko lugha yake. Makosa ya irabu yakaingia hata katika kisomo cha Qur'ani, na irabu moja ikibadilika huenda maana yote ikageuka.

Abul-Aswad Ad-Du'ali, aliyefariki mwaka 69 Hijria (688), alikuwa ameweka nukta za wino wa rangi nyingine kuonyesha irabu. Baadaye herufi nazo zikatiwa nukta zake, na mwanafunzi akawa na nukta juu ya nukta. Al-Khalil ndiye aliyeliondoa tatizo hilo. Alichukua wau ndogo akaifanya dhumma, alifu ndogo iliyolazwa akaifanya fatha, na sehemu ya yee akaifanya kasra. Kichwa cha shini kikawa shadda, na kichwa cha aini kikawa hamza. Basi kila mtoto anayeanza chuo, Maskati au Unguja, anasoma kwa alama alizozitunga mtu huyu. Na wazee wetu wa pwani walipoandika tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, walitumia alama hizo hizo, kasra ikisomwa i au e, na dhumma ikisomwa u au o. Hata lugha yetu, kwa hiyo, ina deni kwake.

Kazi yake ya pili ni kamusi aliyoiita Kitabul-Ayn, kamusi ya kwanza ya lugha ya Kiarabu. Hakutaka kuipanga kwa alifu, bee, tee. Alifungua mdomo kwa alifu kisha akaifuatisha herufi moja moja, akisikiliza kila moja inatokea wapi, akaona kwamba aini ndiyo ya kina zaidi kooni. Akaanza nayo, akaja na hee zote mbili, khee na ghaini, akaendelea mpaka midomoni. Kisha akahesabu: herufi tatu zaweza kupangwa kwa njia 6, nne kwa njia 24, na tano kwa njia 120. Kwa hesabu hiyo alijua ni maneno gani yaliyowezekana, akayatenga yale ambayo Waarabu hawakuyatumia. Mzazi ambaye mtoto wake anaisoma aini kama alifu na ajaribu njia hiyo ya Al-Khalil nyumbani.

Katika wanafunzi wake alikuwamo kijana wa Kiajemi kutoka Al-Bayda, karibu na Shiraz, jina lake Sibawayh. Huyu alikuja Basra kusoma Hadithi kwa Sheikh Hammad bin Salama. Inasimuliwa kwamba siku moja alisoma Abu pahala palipotaka Aba, Sheikh akamkosoa mbele ya wenziwe. Kijana aliondoka akiazimia kutafuta elimu ambayo baada yake hapana mtu atakayemkosoa, akaenda kwa Al-Khalil.

Al-Khalil hakuchoshwa naye. Inapokewa kwamba alimkaribisha kama mgeni ambaye mwenyeji hamchoki. Sibawayh aliuliza mambo ambayo Mwarabu wa jangwani asingefikiri kuyauliza, kwa kuwa huyo husema tu kama alivyowasikia wazazi wake. Mgeni hutaka kujua kwa nini, na kwa maoni yetu maswali ya namna hiyo ndiyo yaliyoitoa nahau vifuani ikaandikwa.

Wala upole huo haukuwa kwa wenye akili nyingi peke yao. Mtu mmoja alijifunza kwake elimu ya mizani za mashairi, ambayo Al-Khalil ndiye mwasisi wake, na kwa muda mrefu hakupata kitu. Al-Khalil hakumfukuza. Alimpa aukate vipande ubeti mmoja ambao maana yake ni kuliacha jambo usiloliweza na kushika unaloliweza. Yule mtu akafahamu, akaenda zake bila ya kuvunjiwa heshima, na Al-Khalil alistaajabu kwamba hilo alilifahamu.

Aliishi kimaskini katika kibanda cha matete, na wanafunzi wake wakichuma mali kwa elimu yake. Liwali mmoja wa Ahwaz alipomwita, alimtolea mjumbe mkate mkavu, akamjulisha kwamba maadamu anao huo hana haja na liwali.

Alifariki Basra baina ya mwaka 170 na 175 Hijria (786 hadi 791). Inasimuliwa kwamba alikuwa akitafuta hesabu nyepesi ambayo kwayo mjakazi angeweza kwenda dukani asidhulumiwe na muuzaji. Akaingia msikitini amezama katika fikra, akajigonga kwenye nguzo, na hicho kikawa chanzo cha mauti yake. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sibawayh naye alifariki kijana, muda mfupi baadaye. Aliacha kitabu kikubwa cha nahau, ambamo Al-Khalil ametajwa mamia ya mara, na pengi anaposema kwamba alimuuliza bila ya kumtaja, aliyeulizwa ni yeye. Kitabu hicho hakukipa jina. Mwanafunzi wake Al-Akhfash akakisomesha, na watu wakakiita Al-Kitab, yaani Kitabu tu.