Bibi Mwana Kupona: Mapenzi na Wajibu Katika Siku za Vita

Wengi wetu tulilisikia jina la bibi huyu kabla hatujajua kusoma. Kina bibi zetu waliuhifadhi utendi wake kwa moyo, na binti akikaribia kuolewa hukalishwa chini akasomewa. Lakini maisha ya mwenyewe aliyeutunga ni wachache wanaoyaangalia, na kwa sababu hiyo utendi umefahamika nusu.

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate mwanzoni mwa karne ya 19. Aliolewa na Bwana Mataka, aliyetawala Siyu, mji uliosifika kwa wanavyuoni wake, kwa wanakili wa misahafu na kwa mafundi wa ngozi. Bwana Mataka alikataa kuwa chini ya amri ya Seyyid Said bin Sultan wa Unguja, na kwa muda wa miaka takriban ishirini kisiwa chetu hakikupata utulivu wa kweli. Katikati ya miaka ya 1840 jeshi la Seyyid lilishuka hapa Faza, likiongozwa na Amir Hammad, likaelekea Siyu kwa nchi kavu. Watu wa Siyu walimvizia Amir Hammad wakamwua, na jeshi likarudi bila ya ushindi. Hatutaki hapa kuhukumu nani alikuwa na haki. Tunasema tu kwamba waliokufa pande zote mbili walielekea kibla kimoja, na kwamba baina ya Faza na Siyu ni mwendo wa asubuhi moja.

Basi huyo ndiye mume aliyekuwa naye, na hiyo ndiyo nyumba aliyoiweka. Binti yake Mwana Hashima, aliyezaliwa karibu na mwaka 1841, alikuwa mtoto mdogo sana jeshi hilo lilipokuja. Mke wa mtu wa vita hajui mumewe akitoka atarudi vipi, kwa miguu yake au kwa kuchukuliwa.

Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, mwaka ule ule aliokufa Seyyid Said. Mjane wake ameeleza katika utendi kwamba waliishi kwa furaha na kicheko, hawakuvunjiana heshima, wala haikupita siku wakateta. Ilipofika saa ya kufa, mume alikariri kwamba yu radhi naye. Tangu siku hiyo, asema, machozi yake hayakutulia. Haya si maneno ya mwanamke aliyelazimishwa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, yaani 1275 hijria, yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa, na maradhi yalikuwa yamekwisha kumshika mwaka mzima. Mwana Hashima alikuwa na miaka kama kumi na saba. Mama alimwita akae karibu, na hakumwambia alete dawa wala maji, bali wino na karatasi. Ndugu zangu, tulisimamie neno hili. Tunao watu katika miji yetu ambao huutaja utendi wa Mwana Kupona kila wanapotaka mwanamke anyamaze, kisha huwanyima binti zao kalamu. Bibi huyo wanayemtaja alizitunga beti 102 akiwa mgonjwa, na usia wake ulianza kwa kumtaka binti ashike kalamu.

Katika usia huo ameanza na dini, kisha adabu na ulimi wa kweli. Halafu akataja radhi tano ambazo mwanamke hana budi kuzitafuta: ya Mwenyezi Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama na ya mume. Baada ya hapo ndipo yanapokuja yale yajulikanayo sana: mume akilala asiamshwe wala sauti isinyanyuliwe, mke asiwe mbali naye, akiamka atayarishiwe chakula, akandwe mwili, aogeshwe. Wako wanaoyaona hayo kuwa ni utumwa. Sisi twaona kwamba mwenye kuyasema alikuwa amemtunza kwa mikono yake mtu aliyechoshwa na vita, na wajibu huo aliujua kama anavyoujua mwuguzi, akiongozwa na mapenzi. Tena alikuwa na mume aliyemlipa heshima kwa heshima. Waume wanaodai kukandwa na wasiodaiwa upole wausome tena mlango ule.

Si kila neno la utendi huo linatufaa. Binti ameusiwa asichanganyike na watumwa ila kwa kazi tu, na hayo ni maneno ya mji uliokuwa ukimiliki watu. Hatuna haja ya kuyatetea. Lakini karibu na mwisho ameomba dua ndefu kwa watoto wake wawili, kwa ndugu zake na kwa Waislamu wote, na dua hiyo haikubagua watu wa Siyu na watu wa Faza.

Mwana Kupona alifariki katika miaka ya 1860. Katika miaka hiyo hiyo Siyu iliingia chini ya Seyyid Majid, na vita alivyopigana mumewe vikaisha. Karatasi zilisalia, zikanakiliwa nyumba kwa nyumba, hata mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakautoa utendi katika kitabu. Mwana Hashima hakukiona. Alifariki Amu mwaka 1933, umri wake umepita miaka tisini.