Walter Hunt

Walter Hunt (Martinsburg, jimbo la New York, 29 Julai 1796 – New York, 8 Juni 1859) alikuwa fundi mitambo na mvumbuzi kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni pini ya usalama ya kisasa, ile pini inayojifunga ambayo hutumiwa kushikiza nepi, kanga au nguo iliyokatika kifungo.

Maisha

Alizaliwa katika eneo la wakulima kaskazini mwa jimbo la New York. Mwaka 1826 alipata hataza ya mashine ya kusokota kitani, kisha akahamia jiji la New York. Mwaka 1827 alipata hataza ya kengele ya kutahadharisha watu barabarani, iliyopigwa na dereva wa gari la farasi.

Cherehani

Miaka ya 1833–1834 hivi, Hunt alitengeneza cherehani yenye sindano iliyotobolewa karibu na ncha. Iliunganisha uzi wa juu na uzi wa chini, kama zifanyavyo hadi leo cherehani za mafundi wa Tarime na Mugumu. Hata hivyo hakuomba hataza. Inasimuliwa kuwa binti yake alimwonya kwamba mashine hiyo ingewanyima riziki wanawake maskini walioshona kwa mkono.

Mwaka 1846 Elias Howe alipata hataza ya mashine iliyofanana nayo. Baadaye Hunt alitambuliwa kuwa ndiye aliyetangulia, lakini kwa kuwa alichelewa mno kuomba, haki ilibaki kwa Howe.

Pini ya usalama

Inasimuliwa kwamba mwaka 1849 Hunt alidaiwa dola 15. Akikunjakunja kipande cha waya, alipata umbo alilokuwa akilitafuta: upande mmoja waya umezungushwa kuwa springi, na upande wa pili una kifuniko cha kushika ncha isimchome mtu. Alipewa hataza namba 6,281 tarehe 10 Aprili 1849, akaiuza kwa dola 400 na kulipa deni. Faida iliyofuata ilikwenda kwa wanunuzi.

Wazo la msingi lilikuwa la kale, kwani Waroma walifunga mavazi yao kwa bizimu zenye springi. Pini ya Hunt ni tofauti pia na pini nyoofu ya fundi, ambayo hushikiza kitambaa kwa muda kabla ya kushonwa na haina kinga ya ncha.

Kifo

Mwaka 1858 Isaac Singer, mtengenezaji wa cherehani, alikubali kumlipa Hunt dola 50,000 kwa uvumbuzi wake wa awali. Hunt alifariki mwaka uliofuata kabla ya kulipwa. Alizikwa katika makaburi ya Green-Wood, Brooklyn.

Habari zake hukumbusha wavumbuzi kuwa kubuni kitu ni hatua moja, na kulinda haki yake kisheria ni hatua nyingine.