Komeda na wimbo usio na maneno

Krzysztof Trzciński alizaliwa tarehe 27 Aprili 1931 katika mji wa Poznań, nchini Polandi. Utotoni aliugua polio, akabaki akichechemea maisha yake yote. Alipenda piano tangu mdogo, lakini baada ya vita alisomea udaktari, akawa mganga wa masikio, pua na koo.

Miaka ile utawala wa kikomunisti uliitilia jazi shaka, ukiiona ni muziki wa adui. Daktari kijana hakutaka wenzake wa kazi wajue anachofanya jioni. Kwa hiyo mwaka 1956, kikundi chake kilipopiga katika tamasha la Sopot, alijitambulisha kwa jina la utani la utotoni: Komeda. Baadaye aliacha udaktari, na jina la kujificha likawa ndilo linalojulikana.

Roman Polański, aliyekuwa bado mwanafunzi wa sinema huko Łódź, alimpa kazi ngumu mwaka 1958. Katika filamu yake fupi watu wawili wanatoka baharini wamebeba kabati, na mji mzima unawakataa. Hawazungumzi. Muziki wa Komeda ndio unaosema. Ikafuata filamu ya Kisu Majini mwaka 1962, na mwaka 1965 akarekodi Astigmatic, sahani inayohesabiwa kati ya kazi kubwa za jazi ya Ulaya.

Mwaka 1968 Polański alimwita Hollywood kwa ajili ya Rosemary's Baby, hadithi ya mwanamke mja mzito wa New York anayeshuku kwamba majirani wanamtaka mtoto wake kwa ibada ya shetani. Tuusikilize mwanzo wake. Mwigizaji Mia Farrow anaimba wimbo wa kubembeleza mtoto kwa mapigo matatu, na silabi yake ni moja tu: la. Sisi wa kitivo cha lugha tumezoea kuitafuta maana ndani ya neno. Hapa neno hakuna, lakini msikilizaji anatambua mara moja kwamba ni mama, na kwamba kuna jambo limeharibika. Katikati ya filamu muziki unageuka kuwa ndoto ya mtu mwenye homa. Mwishoni, Rosemary anatikisa kitanda cha mtoto, na wimbo uleule unarudi. Haukubadilishwa silabi, ila sasa tunajua mtoto ni nani, na upole wake unatutia baridi. Mwalimu anayetaka kufundisha jinsi muktadha unavyozaa maana angeweza kuanzia hapo.

Komeda hakuyafurahia mafanikio hayo kwa muda mrefu. Mwishoni mwa mwaka huohuo aliumia kichwa mjini Los Angeles, akapoteza fahamu. Alirudishwa nyumbani akiwa katika hali hiyo, akafariki mjini Warsaw tarehe 23 Aprili 1969. Zilibaki siku nne atimize miaka 38.