Kanali wa Matopeni

Ukifungua kitabu chochote cha viumbe wa baharini utakuta majina ya Kilatini, na nyuma ya kila jina kuna ukoo wa mtu na mwaka. Wengi wetu tunaosoma biolojia tunaruka sehemu hiyo. Kwenye mtihani haiulizwi, sasa ya nini kuibeba? Mimi nilianza kuitazama kwa sababu ya kamba wawili wanaochimba mashimo matopeni, Upogebia stellata na Callianassa subterranea. Hao ni wanyama wa pwani za Ulaya, na mbele ya majina yao wote wawili imeandikwa kitu kile kile: (Montagu, 1808). Mabano yale si pambo. Maana yake ni kwamba mtu huyo ndiye aliyeieleza spishi hiyo kwa mara ya kwanza, ila wataalamu waliomfuata wakaihamishia kwenye jenasi nyingine. Yaani nyumba imebadilika, jina la aliyemtoa mtoto nje limebaki.

Huyu ni George Montagu, Mwingereza. Wapenda ndege wanamjua kwa sababu kuna kipanga mmoja mwembamba, mwenye mabawa marefu, anayeitwa kwa jina lake. Kipanga huyo huzaliana Ulaya, na baridi ikianza kule hushuka Afrika, akafika mpaka nyika zetu za Afrika Mashariki, Serengeti ikiwemo. Kwa hiyo jina la jamaa huyu linatua kwetu kila mwaka bila kuomba viza. Lakini Montagu ninayetaka kumsimulia si yule wa ndege. Ni yule wa matope, ambaye hadithi yake haisimuliwi sana, na nadhani sababu ni kwamba haipendezi sana.

Alizaliwa mwaka 1753 Lackham, katika jimbo la Wiltshire, kwenye familia yenye ardhi na jina. Hakusomea sayansi chuo chochote. Akiwa kijana wa miaka kumi na saba hivi aliingia jeshini, na mwaka 1773 akamwoa Ann Courtenay, mpwa wa Bute, mtawala mkubwa aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Kwa kipimo cha wakati ule, kijana alikuwa ameshatoka kimaisha. Alipelekwa Marekani na kikosi cha 15 cha askari wa miguu wakati makoloni yalipoasi, na inasimuliwa kwamba huko ndiko alikoanza kupiga ndege wa ajabu na kuwakausha, mwanzoni kwa kujifurahisha tu. Aliporudi aliingia jeshi la mgambo la Wiltshire, akapanda mpaka luteni kanali. Watoto sita, mke wa ukoo mkubwa, cheo begani.

Mwaka 1789 alimwandikia barua Gilbert White, yule kasisi wa kijijini aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya viumbe wa Selborne. Kwenye barua hiyo Montagu alimweleza kwamba ndege amewapenda tangu utotoni, na kwamba kama si kifungo cha ndoa angefuata mapenzi hayo hadi nchi za mbali. Mtu anaandika hivyo kwa kasisi ambaye hata hawajuani vizuri! Ukiisoma barua ile ukijua yaliyokuja baadaye, unaona mlango umeshaanza kufunguliwa taratibu, na miaka kumi kabla.

Basi mlango ukafunguka. Mwishoni mwa miaka ya 1790 alimwacha mkewe, akaenda kuishi na Eliza Dorville, ambaye naye alikuwa mke wa mfanyabiashara wa London. Walihamia Kingsbridge, mji mdogo wa pwani ya kusini ya Devon, katika nyumba iliyoitwa Knowle. Talaka kwa Uingereza ya siku zile ilihitaji sheria ya Bunge, kwa hiyo walikaa hivyo hivyo na kuzaa watoto bila ndoa. Mwaka 1799 akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa ugomvi na maofisa wenzake, akavuliwa cheo. Halafu ikaja kesi ya mali. Alishtakiana na mwanawe wa kwanza kuhusu urithi wa Lackham, madeni yakaingia humo humo, na mwisho shamba la mababu likapotea.

Sitaki kumsafisha. Kuna watu wakishampenda mwanasayansi wanamgeuza mtakatifu, na mke aliyeachwa na watoto sita anageuka mstari mmoja kwenye wasifu. Ann Courtenay hakuomba kuwa kikwazo cha safari ya mtu. Lakini pia siwezi kujifanya sioni kwamba kazi ile yote kubwa, kuanzia ndege, makombe, samaki, sifongo hadi kamba wetu, karibu yote imetoka Knowle, baada ya kuanguka. Alipokuwa kanali mwenye heshima alikuwa anaokota ndege. Alipobaki hana cheo wala shamba ndipo akawa Montagu.

Kingsbridge kuna hori ndefu inayoingia nchi kavu. Maji yakipwa, hori lote linabaki tambarare za mchanga na matope. Sisi watu wa pwani tunajua mahali pa namna hiyo: bamvua likipwa, akina mama wanatoka na ndoo kutafuta chaza, na wewe mwenye viatu unabaki umekwama. Pale Kingsbridge watu walichimba kutafuta kome wale warefu kama wembe wa kinyozi, ambao hujichomeka wima mchangani. Katika kuchimba huko, karibu futi 2 kwenda chini, akatoka mnyama ambaye hakuwa kome. Kamba mdogo, mwili laini, ganda jembamba, na mkono mmoja mkubwa kuliko mwenzake kupita kiasi, kana kwamba ameazima wa mtu mwingine. Montagu alimwita kwa neno la Kilatini lenye maana ya mkaa chini ya ardhi, subterraneus.

Wa pili alikuwa na mikono inayolingana, na mwili wa rangi ya maziwa yaliyoingia manjano. Juu ya mwili huo, ukimkaribia sana, kulikuwa na vidoa vidogo vya rangi ya chungwa vyenye umbo la nyota. Huyo akamwita stellatus, mwenye nyota.

Hapo ndipo nataka tutulie kidogo. Aliyewahi kwenda fildi na kurudi na chupa za sampuli anajua kinachotokea. Ukimtia kamba kwenye spiriti, rangi inaondoka. Unamwacha jioni ana rangi zake, baada ya siku kadhaa ni mweupe kama mshumaa, na ukimfungua mezani huoni nyota wala mwezi. Mtaalamu anayekaa mjini akiletewa chupa angeweza kuhesabu miguu, kupima ganda, kulinganisha mikono, na kazi yake ingekuwa nzuri kabisa. Lakini jina lile asingelitoa. Jina lile linamtaka mtu awe pale pale, mnyama akiwa bado na tope, mwanga wa jua upo, na macho yako karibu kugusa ganda. Montagu alikuwa pale kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda.

Na kueleza spishi mpya wakati ule kulikuwa si mchezo. Mfumo wa Linnaeus ulikuwa umewarundika kaa, kamba na kamba-mti karibu wote kwenye jenasi moja, Cancer. Ukipata mnyama mgeni, huna mahali pengine pa kumweka, na vitabu vya kulinganisha viko London au Paris, vingine havijaandikwa. Kwa hiyo maelezo yako mwenyewe lazima yatoshe. Uandike kwa namna ambayo mtu asiyewahi kumwona mnyama huyo, akimchimba miaka hamsini baadaye pwani nyingine, aseme ndiye huyu. Maelezo ya kamba wale wawili yalichapwa mwaka 1808 kwenye jarida la Chama cha Linnean cha London, ambacho Montagu alikuwa mwanachama wake, pamoja na viumbe wengine kadhaa aliowapata pwani ile ya Devon.

Eliza je? Tayari mwaka 1803 Montagu alikuwa ametoa kitabu chake kikubwa cha konokono na makombe ya Uingereza, Testacea Britannica, chenye spishi zipatazo 470, na takriban 100 kati yake hazikuwa kwenye orodha ya nchi hiyo. Picha za kitabu kile alizichora Eliza na kuzichonga kwenye shaba yeye mwenyewe. Michoro ya viumbe wa baharini iliyokwenda Chama cha Linnean nayo ni ya mkono wake. Kwa mnyama anayepoteza rangi ndani ya chupa, mchoraji si mpambaji wa kitabu. Yeye ndiye shahidi wa pili. Lakini jalada lina jina moja, na mabano yale nayo yana jina moja. Kanuni za taksonomia zinampa haki aliyeandika maneno, na aliyechora hana nafasi. Nikiwauliza wenzangu wanaosaidia kukusanya data za miradi ya wakubwa hapa chuoni, wanaopiga picha, wanaoingiza takwimu usiku wa manane kisha wanaonekana kwenye sentensi ya shukrani kama wanaonekana kabisa, hawashangai hata kidogo. Wanacheka tu.

Namna ya Montagu ya kufanya kazi inaonekana vizuri zaidi kwenye jambo la vipanga. Wataalamu walikuwa wanabishana kama kipanga wa kijivu na kipanga wa kahawia mwenye mstari mweupe mkiani ni spishi mbili. Wengine walikuwa wanajibu kwa kurundika mizoga mezani. Yeye alichukua makinda kutoka kiotani, akayafuga nyumbani, akayalisha, akangoja. Wote walianza na rangi ya kahawia. Mwaka wa pili dume akaanza kutoa manyoya ya kijivu, na ubishi ukaishia hapo: ni dume na jike. Katika kazi hiyo hiyo ya kuwapembua vipanga ndipo alipomtenga yule mwembamba anayebeba jina lake sasa. Na mwaka 1813, kwenye nyongeza ya kamusi yake ya ndege, akamweleza buabua mmoja ambaye kifua chake huingia rangi ya waridi wakati wa kuzaliana. Buabua huyo hutaga mayai hata kwenye visiwa vidogo vya pwani ya Kenya, na wavuvi wa huko wanamjua bila msaada wa Montagu.

Kamba wake nao walihama. Kijana mmoja wa Devon, William Elford Leach, aliyekuwa amepata kazi Makumbusho ya Uingereza, aliamua kulivunja rundo lile la Cancer. Mwaka 1814 akaanzisha jenasi Upogebia na Callianassa, na wale kamba wawili wa Montagu wakaingia humo. Ndipo mabano yakazaliwa. Leo majina hayo yameshika familia nzima nzima za kamba wachimbaji duniani. Vile vichuguu vidogo kama volkano unavyovikanyaga pwani zetu maji yakipwa, vingi ni kazi ya ndugu zao: wanachimba mashimo marefu, wanasukuma maji ndani kwa viungo vya tumboni, na matope ambayo yangekosa hewa yanapumua.

Montagu hakukaa sana kuliona hilo. Mwaka 1815 nyumba ya Knowle ilikuwa inakarabatiwa, akakanyaga msumari wenye kutu. Pepopunda ikamwingia, akafa tarehe 20 Juni, siku mbili tu baada ya vita vya Waterloo, wakati magazeti ya Uingereza yalikuwa karibu kujaa majina ya makanali wengine. Alikuwa na miaka sitini na mbili hivi. 

Leach alihakikisha ndege na wanyama wake wananunuliwa na Makumbusho ya Uingereza, kwa pauni 1,100, ambazo zilikuwa fedha nyingi kwa manyoya na chupa. Makombe yalipita mikono mingine mpaka yakafika makumbusho ya Exeter, na yako huko mpaka leo, kwa sababu kombe halina shida, likikauka limekauka. Kamba ni habari nyingine. Nyota za stellata hazihifadhiki. Ukitaka kuziona ni lazima ungoje maji yapwe, ushike beleshi, umchimbe akiwa hai, na umtazame haraka.