Mama Zélie Martin Akimngoja Mtoto wa Tisa

Wasomaji wetu wanamjua vema Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, aliyewekwa na Papa Pio XI mwaka 1927 awe msimamizi wa misioni zote, naye hakutoka kamwe katika monasteri yake kwenda kuhubiri nchi za mbali. Mama yake, Zélie Martin, hajulikani sana, ijapokuwa yeye na mumewe Louis walitangazwa kuwa Watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015. Leo twapenda kusema habari za mama huyo, na hasa za majuma yale ya Desemba 1872 alipokuwa akingoja kumzaa binti yake wa mwisho. Twazichagua siku hizo kwa kuwa akina mama wengi huzipitia wakiwa na hofu wasiyothubutu kuitaja.

Zélie alizaliwa tarehe 23 Desemba 1831 karibu na mji wa Alençon, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Katika ujana wake alitaka kuwa sista, asipokelewe. Basi akajifunza kufuma lesi, kazi ya uzi mwembamba iliyoupatia mji ule sifa, akafungua biashara yake mwenyewe. Mwaka 1858 akaolewa na Louis, fundi wa saa. Biashara ya mke ikastawi hata mwaka 1870 mume akaliuza duka lake la saa ili amsaidie. Wako waume ambao hata leo wangeona aibu kufanya hivyo. Louis hakuona aibu.

Walizaa watoto tisa. Lakini kati ya Februari 1867 na Oktoba 1870, muda usiofika miaka minne, walizika wanne: wavulana wawili wachanga, wote wakiitwa Joseph, Hélène, msichana wa miaka mitano, na mtoto wa nane, Mélanie-Thérèse, aliyeishi chini ya miezi miwili. Kifo cha huyo wa mwisho kilimwumiza mama kwa namna ya pekee, kwa sababu mtoto hakufa kwa maradhi tu. Alikuwa amekabidhiwa kwa mwanamke wa kumnyonyesha, na mwanamke yule akamwacha ashinde na njaa.

Hapa yafaa tueleze jambo. Katika Ufaransa ya siku zile watu wa mjini wasioweza au wasiotaka kunyonyesha waliwapa watoto wao wanawake wa mashamba, kwa malipo ya kila mwezi. Wengi wa watoto hao hawakurudi. Maovu yalizidi hata tarehe 23 Desemba 1874, siku Zélie alipotimiza miaka 43, nchi ikatoa sheria iliyopendekezwa na mganga Théophile Roussel, kwamba serikali iwaangalie watoto wa chini ya miaka miwili wanaolelewa kwa ujira. Zélie hakuwa mvivu wala mwenye kiburi cha mjini. Tangu mwaka 1865 alikuwa amemwandikia ndugu yake Isidore, ambaye baadaye alikuwa na duka la dawa katika Lisieux, juu ya uvimbe katika titi lake. Alitamani sana kunyonyesha, asiweze. Uvimbe huo haukupata tiba. Mwaka 1876 madaktari wakakata tamaa, na saratani ikamwua mwezi Agosti mwaka uliofuata.

Basi tumfikirie mama huyo katika Desemba 1872, anakaribia miaka 41, umri ambao yeye mwenyewe aliona ni wa bibi mwenye wajukuu. Mimba yake ni ya tisa. Tarehe 15 aliwaarifu jamaa zake wa Lisieux kwamba yu tayari kujifungua siku yo yote, na kwamba amesumbuka kwa sababu mama wa kunyonyesha bado hajapatikana. Alikuwa amewaona kadhaa, na kila mmoja alifaa nusu tu. Wala haikuwa shauri la fedha. Mumewe aliogopa kuingiza nyumbani mtu asiyeaminika, na nani atamlaumu baada ya yale ya mwaka 1870?

Tunaona kwamba watu wengi wakimkuta mja mzito mwenye wasiwasi humwambia asali na kunyamaza. Zélie alisali kila siku, naye hakunyamaza. Aliwaandikia ndugu zake waziwazi juu ya hofu yake, akawakagua wale wanawake mmoja mmoja, na kazi ya lesi iliendelea huku ujauzito ukimlemea. Na katika taabu hiyo aliimba. Baadaye alimsimulia wifi yake, kwa siri kidogo, kwamba alipoimba alisikia kana kwamba mtoto aliye tumboni anaimba pamoja naye, jambo lisilomtokea kwa watoto wengine. Mwenyewe alijua kwamba hakuna atakayemsadiki. Sisi hatutaamua, akina mama waliohisi mtoto akicheza tumboni kwa sauti ya wimbo watajua la kufikiri.

Desemba ikaisha, mtoto hajazaliwa. Siku ya Alhamisi, tarehe 2 Januari 1873, saa tano na nusu usiku, akazaliwa msichana mwenye nguvu, na uchungu wenyewe haukuzidi nusu saa. Wakamwambia mama kwamba mtoto ana ratili nane. Yeye, aliyezoea kudanganywa na matumaini, akapunguza zikawa sita. Tarehe 4 mtoto akabatizwa, dada yake mkubwa Marie akiwa mama wa ubatizo.

Ile hofu ya Desemba ilikuwa na haki yake. Kabla Januari haijaisha mtoto aliugua tumbo, na mwanzoni mwa Machi mganga akasema asiponyonyeshwa atakufa. Asubuhi na mapema Zélie akatembea kwa miguu hadi kijiji cha Semallé, mwendo wa kilometa nane hivi, kwa Rose Taillé, mwanamke mwaminifu aliyewahi kuwalea wale wavulana wawili. Rose alipomwona mtoto akatikisa kichwa. Mama akapanda chumbani, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu, akaomba mtoto apone, akayaacha mengine kwa Mungu. Aliposhuka alimkuta mtoto ananyonya kwa nguvu zote. Mara akalegea kama maiti. Robo saa ikapita. Kisha akafumbua macho, akacheka.

Rose akamchukua kwake Semallé mwaka mzima na zaidi. Siku moja ya Mei aliletwa mjini kuonana na wazazi, akalia asishikike, mpaka mtumishi alipompeleka sokoni ambako Rose alikuwa akiuza siagi. Alipomwona Rose akacheka mara moja, akabaki naye pale kwenye siagi hata adhuhuri.